Usukani na Thawabu: Je, Wema Usiochosha Bado Ni Wema?

Mtu anayejijengea ndege ndogo nyumbani, jambo ambalo sheria za Marekani huliruhusu iwapo sehemu kubwa ya kazi imefanywa na watu wasio wa kiwanda kwa nia ya kujifunza au kujiburudisha, hufika mahali ambapo hana budi kuamua kama ataweka trimu ya usukani au ataiacha. Usukani unaozungumziwa hapa ni ule ubao wa wima ulioshikizwa kwa bawaba nyuma ya pezi la mkia, ambao rubani huugeuza kwa kukanyaga pedali mbili zilizo mbele ya miguu yake. Na trimu ni kifaa cha kuusaidia, mara nyingi kibawa kisichozidi upana wa kiganja, ambacho huitumia hewa inayopita kuushikilia usukani upande fulani ili mguu upumzike. Haja yake hutokana na injini yenyewe. Katika ndege nyingi za injini moja, panga la mbele huzunguka kuelekea kulia kwa macho ya aliyeketi nyuma yake. Upepo wake hujisokota kuuzunguka mwili wa ndege na kulipiga pezi la mkia ubavu wa kushoto, na ndege inapopanda pua ikiwa juu, upande wa panga unaoshuka huvuta kwa nguvu kuliko ule unaopanda, hivyo pua hutaka kwenda kushoto na rubani hulazimika kukanyaga kulia. Mbele yake pana kipira kidogo ndani ya mrija uliopinda na kujaa kimiminika, na kazi ya mguu ni kukiweka kipira hicho katikati. Kwa dakika chache kazi hiyo si kitu, lakini ikiendelea saa mbili paja huanza kutetemeka, na mawazo ya rubani huwa pajani badala ya kuwa angani.

Mjenzi anaweza kuuachia mguu kazi hiyo. Anaweza pia, baada ya safari za kwanza za majaribio, kubandika kabari ya mti mwepesi kwenye ukingo wa nyuma wa usukani, kama wafanyavyo wengi wanaojenga ndege za aina ya RV, akiipunguza kwa msasa hadi kipira kitulie katikati ndege ikiwa katika mwendo wake wa kawaida. Anaweza kufunga springi yenye kishikio kwenye nyaya za pedali. Anaweza hatimaye kuweka kibawa kinachosogezwa na mota ya umeme kwa kubonyeza swichi, ila hapo huongeza uzito mkiani, mahali ambapo kilo moja huvuruga mizani ya ndege kuliko kilo ileile ikiwa karibu na mabawa, na huongeza uwezekano wa swichi kunasa na kibawa kwenda hadi mwisho bila kuamriwa. Kabari haina nyaya wala haihitaji umeme. Kasoro yake ni kwamba huwa sahihi kwa mwendo mmoja tu. Ndege ikipanda polepole kabari haitoshi, ikishuka kwa kasi kabari huzidi, na rubani aliyezoea kutotumia mguu huweza kusahau kwamba bado anao.

Bweremana, mji mdogo wa eneo la Masisi, mashariki mwa Kongo, ulio ukingoni mwa Ziwa Kivu kwenye barabara ya taifa namba 2 itokayo Goma kupitia Sake kwenda Minova na Bukavu, haujulikani kwa ndege bali kwa boti za mbao, na swali lilelile, la kuuachia mwili kazi hiyo au kuikabidhi kifaa, huamuliwa ufukweni bila mtu kuliita swali la falsafa. Boti hizo hujengwa kwa mkono. Fundi husimamisha mkuku, yaani mti mrefu wa chini unaobeba chombo chote, hupanga mataruma yanayoupa umbo, kisha huvika mbao na kukalafati viungo ili maji yasipenye. Chombo kilichojengwa hivyo hakiwezi kulingana kushoto na kulia kama kilichomiminwa kiwandani, na moteri inayofungwa tezini, ambayo panga lake nalo huzunguka upande mmoja, huongeza mvuto wake juu ya upogo wa mbao. Nahodha anayeketi nyuma akiwa ameshika mkono wa moteri husikia mvuto huo kwenye kifundo cha mkono wake tangu anapoondoka hadi anapofika. Hata hivyo, moteri nyingi za nguvu ya wastani zina dawa yake tangu kiwandani: chini ya bamba la mlalo, juu kidogo ya panga, pamefungwa kibawa cha chuma kwa bolti moja, mara nyingi cha zinki ili kiliwe na maji kabla ya mwili wa moteri kuliwa. Bolti ikilegezwa, boti inayovuta kushoto husahihishwa kwa kuusogeza ukingo wa nyuma wa kibawa kushoto, inayovuta kulia husahihishwa kwa kuusogeza kulia, kisha bolti hukazwa. Ni kabari ya rubani, safari hii chini ya maji.

Uzito wa jambo hili uliongezeka wakati ziwa lilipogeuka kuwa barabara. Februari 2024, vita vilipoikata njia ya nchi kavu karibu na Sake, watu, maharagwe, ndizi na makaa ya Masisi na Kalehe vilihamia majini ili kufika Goma. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku mjini Goma, machoni pa watu waliokuwa wakiisubiri nchi kavu, na makumi ya abiria walikufa. Kwa maelezo ya viongozi na ya walionusurika, ilibeba watu kupita uwezo wake. Msiba huo haukutokana na kibawa, na ingekuwa dhihaka kwa waliokufa kudai hivyo. Unatajwa hapa kwa sababu mtu anayefikiri juu ya kumpunguzia nahodha kazi, katika ziwa ambalo kina chake hupita mita 400, hana budi kujua kwanza ni kazi ipi inayopunguzwa na ni hatari ipi inayobaki palepale.

Swali basi ni hili: je, kuna thamani katika juhudi yenyewe ya kuushikilia mwelekeo ulio sawa, kiasi kwamba kuiondoa juhudi hiyo ni kuondoa pia sehemu ya wema wa tendo? Waliojibu kwamba thamani ipo si wajinga. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785 juu ya misingi ya maadili, alimfikiria mtu mkarimu ambaye huzuni zake mwenyewe zimezima kila hisia ya huruma, lakini akajiburuza kwenda kumsaidia mwenye shida kwa sababu tu ni wajibu. Hapo, alisema Kant, ndipo tendo hupata thamani ya kimaadili iliyo halisi. Katika mapokeo ya Kiislamu, hadithi iliyohifadhiwa na Bukhari na Muslim huahidi thawabu mbili kwa mtu anayesoma Kurani kwa kukwama na kwa taabu. Nayo mahubiri yasikikayo makanisani Kivu, ya Kikatoliki na ya Kiprotestanti, hurudia kwamba Mungu humpima mtu kwa mzigo aliompa. Kwa mtazamo huo, nahodha ambaye mkono wake umeshindana na mvuto toka Bweremana hadi Goma ametenda zaidi kuliko yule aliyefika akiwa amestarehe, ingawa boti zote mbili zimenyoosha njia moja.

Upande wa pili una wakubwa wake pia. Aristotle alitofautisha mtu mwema na mtu anayejizuia: wote wawili hufanya lililo sawa, lakini wa pili hulifanya huku tamaa zikimvuta kwingine, ilhali wa kwanza amekwisha kuzoeshwa hata akalifurahia, na kwa Aristotle huyu wa kwanza ndiye aliye juu. Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliieleza tabia kuwa hali iliyotulia ndani ya nafsi ambayo matendo hutoka kwayo kwa wepesi bila kuhitaji kufikiriwa upya kila mara, na akaona kwamba anayetoa mali yake kwa kujilazimisha bado hajawa mkarimu, bali yuko njiani. Thomas wa Aquino, karne ya 13, alilikata jambo hilo kwa ukali kuliko wote aliposhikilia kwamba kiini cha wema na stahili kiko zaidi katika lililo jema kuliko katika lililo gumu. Ugumu huongeza stahili pale tu unapotokana na ukubwa wa jema lenyewe, si pale unapotokana na udhaifu wa mtendaji. Hata ile hadithi ya thawabu mbili, wafafanuzi wake, an-Nawawi akiwa mmojawao, walitahadharisha kwamba haimweki anayekwama juu ya msomaji hodari, ambaye nafasi yake imetajwa kuwa pamoja na malaika watukufu. Thawabu ya pili ni faraja kwa anayejifunza, wala haimshauri mtu aendelee kukwama.

Fikihi, yaani elimu ya sheria za dini ya Kiislamu, ililishughulikia swali hili kwa utulivu wa kupendeza ilipotenganisha azima na rukhsa. Azima ni hukumu ya asili ilivyo kamili. Rukhsa ni nafuu inayotolewa kwa mwenye udhuru, kama vile msafiri kuruhusiwa kufungua katika mwezi wa Ramadhani na kulipa siku hizo baadaye. Je, msafiri aliyepewa nafuu hiyo ni bora aitumie au ajikaze? Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, hujibu kwamba asiyedhurika ni bora afunge, na anayedhurika ni bora afungue. Jibu hilo haliitukuzi taabu wala haliidharau. Huuliza taabu hiyo inamfanyia mtu nini. Inafaa kusemwa kwamba wanafalsafa wengi waliobobea katika kubishana juu ya nia safi wangenufaika kama wangepitia kwanza sura moja ya vitabu hivyo vya hukumu za safari.

Hata hivyo, wanaomfuata Aristotle hushindwa wanapodhani kwamba mazoea yakikaa vizuri kazi imekwisha, na hapo ndipo kabari inapokuwa mwalimu. Mazoea mema, sawa na kabari, hukatwa kwa mwendo fulani. Mtu aliyelelewa katika kijiji chenye amani, ambamo mgeni hupokewa na deni hulipwa baada ya mavuno, huwa mwema bila jasho. Mtu huyohuyo akisukumwa na vita hadi kambini, ambako mgeni ni kila mtu na mavuno hayapo, hugundua kwamba wema wake ulikuwa umepimwa kwa mwendo ambao maisha yake hayaendi tena. Aristotle mwenyewe hakulisahau hilo, kwani aliuunganisha kila wema na busara ya utendaji, yaani uwezo wa kuona jambo lililo mbele ya macho linadai nini leo. Lakini waliolihubiri somo lake baada yake mara nyingi waliibandika kabari na kumwambia rubani atoe miguu kwenye pedali.

Kinachohitajika, basi, ni kutofautisha taabu mbili ambazo kwa nje hufanana. Ipo taabu inayoleta habari. Mkono wa nahodha unaposikia mvuto umeongezeka ghafla, mkono huo umeambiwa jambo: magunia yamehamia ubavu mmoja, maji yameingia chini ya mbao za kukanyagia, abiria wamesogea kukwepa mawimbi, au upepo wa ziwani umegeuka. Mvuto wa namna hiyo haupaswi kunyamazishwa, na nahodha anayeukaza mkono wa moteri kwa kamba ili apate kula amejiziba sikio. Ipo pia taabu isiyo na habari yoyote, ile inayorudia kila siku, kwa kiwango kilekile, neno ambalo kila mtu amekwisha kulijua: kwamba ubao wa tatu ulipindwa kupita kiasi siku boti ilipojengwa, au kwamba panga huzunguka upande mmoja. Kuibeba taabu hii ya pili si wema wala si ibada. Tena huiharibu ile ya kwanza, kwa maana mkono uliochoka kwa mvuto wa kudumu hauwezi tena kutambua mvuto mdogo ulioongezeka sasa hivi. Kibawa kilichowekwa kwa kiasi huondoa kelele na kuacha sauti. Kikizidishwa hadi boti iliyoegemea upande mmoja ionekane imenyooka, huficha ugonjwa ambao ungepaswa kutibiwa kwa kushusha mizigo.

Tofauti hiyo ina matokeo nje ya ziwa, na ni vyema yasemwe bila kuzunguka. Kwa miaka zaidi ya 30 watu wa Masisi na wa eneo jirani la Walikale wamesifiwa kwa ustahimilivu, kwanza na wahubiri, kisha na viongozi, na siku hizi na mashirika ya misaada ambayo neno hilo hujaza ripoti zao. Sifa hiyo ni ya kweli, lakini aghalabu hutolewa na mtu aliyesimama nchi kavu. Mama anayebeba mzigo wa makaa kutoka milimani, akalipa kwenye kizuizi cha kwanza, akalipa tena cha pili, akafika sokoni faida ikiwa imeliwa njiani, anaishikilia njia yake kwa nguvu zote dhidi ya upogo ambao chanzo chake kinajulikana, kimeandikwa na kinaweza kurekebishwa. Kumwambia kwamba taabu hiyo itamzidishia thawabu ni kumpa faraja ambayo pengine ana haki nayo. Kuitumia faraja hiyo kama sababu ya kutokigusa chombo ni dhambi ya msemaji, hata kama maneno yake yote yametoka katika maandiko. Rafiki za Ayubu nao walisema mambo mengi yaliyo sahihi, na mwisho wa kitabu wakakemewa.

Pana pingamizi moja la kidini ambalo haliwezi kupitwa haraka. Mtu anaweza kusema kwamba kabari ya ndege haijibandiki. Usukani hauwezi kujinyoosha ukiwa angani, ni lazima mkono mwingine uuguse chombo kikiwa chini, na hali ya mwanadamu ni hiyohiyo. Hilo ndilo lililobishaniwa Afrika ya Kaskazini mwanzoni mwa karne ya 5, wakati Pelagius aliposhikilia kwamba mtu ana nguvu za kutosha kutenda mema akitaka kwa dhati, na Augustino, askofu wa Hippo, akamjibu kwamba utashi wenyewe umepinda na hunyooshwa kwa neema, yaani msaada wa Mungu usiostahiliwa. Mtaguso wa Carthage wa mwaka 418 uliyalaani mafundisho ya Pelagius. Paulo alikuwa amekwisha kulieleza tatizo hilo katika sura ya 7 ya Waraka kwa Warumi, anapojiona akitenda lile asilolitaka. Lakini Augustino hakuhitimisha kwamba aliyenyooshwa na neema ana haki ya kulala. Alieleza kwamba upendo ni kama uzito unaomvuta mtu kuelekea mahali pake, na mtu anayevutwa na upendo bado anakwenda, ila haendi kwa kuburutwa. Kwa hiyo pingamizi hilo, likisikilizwa hadi mwisho, huunga mkono kuondolewa kwa taabu tupu. Waraka wa Yakobo, sura ya 3, unaposema juu ya merikebu kubwa zinazogeuzwa na usukani mdogo sana, unauachia usukani huo mkononi mwa nahodha.

Walikale, upande wa magharibi, huonyesha mpaka wa hoja hii. Kwa miaka mingi ndege ndogo kutoka Goma zilitua juu ya kipande cha barabara ya lami huko Kilambo kuchukua kasiteriti ya mgodi wa Bisie, madini yanayozaa bati, kwa kuwa njia ya magari ilikuwa haipitiki. Baadhi ya ndege hizo zilikuwa Let 410 zenye injini mbili, na katika ndege ya namna hiyo trimu ya usukani haiwezi kuwa kabari ya kudumu wala haiwezi kukosekana: injini moja ikizimika, iliyobaki huivuta ndege upande mmoja kwa nguvu ambayo mguu wa mtu hauwezi kuishikilia juu ya msitu hadi Goma. Hapo kifaa kinachorekebishwa safarini hakimlegezi rubani bali humwachia akili ya kutafuta mahali pa kutua. Anayesifu uchungu wa paja katika hali hiyo hajui anachokisema.

Kwa mjenzi wa ndege ya injini moja, hukumu inayofuata ni hii: asiweke kitu chochote kwanza, aruke, akitazame kipira, asahihishe kwanza kilichopinda katika pezi na mabawa, kisha abandike kabari kwa ajili ya mwendo anaoutumia zaidi na kuuachia mguu sehemu iliyobaki, maana sehemu hiyo ndiyo inayomweleza hali ya ndege yake. Mota ya umeme aiache, isipokuwa kama ana mguu mgonjwa au safari zake ni ndefu sana. Kwa boti za Bweremana utaratibu ni uleule, ila panaongezeka jambo moja la haki. Mara nyingi mwenye boti si mwenye kuiendesha, na anayeamua kwamba kibawa kilegezwe au kiachwe, kwamba mzigo uongezwe au ushushwe, ni yule ambaye mkono wake hautachoka. Mwenye boti ambaye hajawahi kushika mkono wa moteri kutoka Bweremana hadi Goma hana msingi wa kukiita kibawa hicho anasa, wala wa kuuita uchovu wa nahodha uvivu; na amwulize nahodha wake boti inavuta upande gani, kabla hajaruhusu gunia la kwanza kupakiwa.